Anayesema “nina mawazo” aulizwe maswali manne

Mtu akikonda, akikosa usingizi, akaacha kucheka na wenzake na kushtuka kila simu inapoita, jirani yake hasemi kwamba ana sonona, wala hasemi kwamba ana ugonjwa wa wasiwasi. Husema, “Ana mawazo.” Mwenyewe akiulizwa hujibu vivyo hivyo. Tatizo huanza anapofika zahanati, kwa sababu huko neno hilo halina pa kuandikwa. Daftarini huingia maumivu ya kichwa, vidonda vya tumbo, presha au uchovu. Kidole hutobolewa kupima malaria, majibu hutoka safi, na mgonjwa hurudi nyumbani na dawa za maumivu pamoja na ushauri wa kupumzika. Hoja yangu ni kwamba neno hilo la mtaani limebeba ukweli wa kitabibu kuliko heshima linayopewa. Linataja kwa pumzi moja maradhi mawili ambayo vitabu vimeyapa sura mbalimbali, ilhali kwa wagonjwa wengi hayaachani. Laiti huduma zetu za afya zingelipokea kama dalili, zikauliza pande zake zote mbili na kuwa na la kufanya baada ya kuuliza, zingewaona watu wengi ambao leo huingia na kutoka mlango uleule bila kuonekana.

Tuanze na maradhi yenyewe. Sonona si majonzi ya msiba wala unyonge wa siku mbaya kazini. Ni hali inayodumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku: hamu ya mambo aliyoyapenda mtu humtoka, moyo huwa mzito, chakula na usingizi huvurugika, na fikra kwamba hana thamani humwandama. Ugonjwa wa wasiwasi nao si hofu ya mtihani inayoisha karatasi zikikusanywa. Ni hofu inayobaki hata pasipo na hatari: moyo kwenda mbio, viganja kutoka jasho, tumbo kuvurugika, akili kuhesabu mabaya ambayo hayajatokea. Ukiyasoma kitabuni utadhani yanapingana, maana moja humlegeza mtu na jingine humkaza. Anayeishi na yote mawili hulala amechoka hoi, akazinduka saa tisa usiku moyo ukimdunda, akapanga na kupangua mambo ya kesho mpaka adhana ya alfajiri. Asubuhi mambo hayo yako palepale, ila nguvu ya kuyagusa hana. Deni linalomtisha ndilo analoshindwa kwenda kulizungumza. Kikao anachokiogopa hukikwepa, na kwa kukikwepa hukosa watu, kazi na sifa ambazo zingemwinua moyo. Hofu humfungia ndani. Humo ndani huzuni humea. Huzuni ikishamea, shughuli hulala, na shughuli zilizolala huzaa sababu mpya za kuhofu. Kila ugonjwa humlisha mwenzake. Ndiyo maana kumwambia mtu huyu ajikaze hakumsaidii, kwa kuwa tayari amejikaza usiku kucha.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja, lakini takwimu zinaonyesha kwamba hawa wanakaa, tena kwa mazoea. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa na sonona na milioni 301 walikuwa na magonjwa ya wasiwasi. Tukizisoma hesabu hizo kama makundi mawili ya watu tutakosea. Uchambuzi wa tafiti za nchi 24, uliohusu watu wazima zaidi ya 74,000 na kuchapishwa mwaka 2015, ulikuta kwamba takriban asilimia 46 ya waliowahi kuugua sonona waliwahi pia kuwa na ugonjwa wa wasiwasi. Wengi wao, kama asilimia 68, walisema wasiwasi ndio uliotangulia na sonona ikafuata. Waliokuwa na yote mawili ndani ya mwaka mmoja walilemewa zaidi na majukumu ya kila siku, na fikra za kutaka kufa ziliwajia mara mbili ya wenye sonona peke yake. Nchini Marekani, utafiti mkubwa wa tiba ya sonona ujulikanao kama STAR*D uliwachunguza wagonjwa 2,876 ukakuta zaidi ya nusu yao sonona yao imechanganyika na wasiwasi mkali. Kati ya wagonjwa hao waliopona walikuwa wachache zaidi, na walichukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo mchanganyiko huu si jambo la nadra linalomhusu bingwa peke yake. Ni sura ya kawaida ya ugonjwa, tena sura yake nzito zaidi, na anayeutafuta upande mmoja tu huwakosa waliozidiwa kuliko wote.

Sayansi yenyewe imekuwa ikirudi polepole kwenye hekima hii. Mwongozo wa Marekani wa kuainisha magonjwa ya akili, toleo la tano la mwaka 2013, uliwaruhusu madaktari kuandika kwamba sonona ya mgonjwa imeambatana na fadhaa ya wasiwasi. Orodha ya kimataifa ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022 ina nafasi ya hali ya mchanganyiko, ambapo dalili za pande zote mbili zipo bila upande mmoja kutosha kupewa jina lake pekee, na imeiweka katika familia ya sonona. Mfano ulio karibu zaidi na zahanati zetu ni mwongozo wa WHO uitwao mhGAP, ulioandaliwa kwa ajili ya matabibu na wauguzi wasio mabingwa katika nchi zenye uhaba wa wataalamu. Mwongozo huo ulitoka mwaka 2010 ukiwa na sura ya sonona. Sehemu mahususi ya magonjwa ya wasiwasi iliongezwa katika mapendekezo ya mwaka 2023. Kwa miaka 13, basi, tabibu aliyefundishwa kwa uaminifu kabisa alikuwa na njia ya kumwongoza katika nusu moja ya tatizo, na nusu nyingine ikabaki chini ya kichwa cha malalamiko mengineyo. Hilo si kosa la tabibu. Ni matokeo ya kujenga huduma kwa kufuata sura za kitabu badala ya kufuata namna watu wanavyougua.

Jirani zetu wa Zimbabwe walianzia upande wa pili, kwenye lugha ya mgonjwa. Washona wana neno kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi, ndugu wa damu wa mawazo yetu. Miaka ya 1990 daktari Vikram Patel na wenzake waliandaa dodoso la Kishona lenye maswali 14, na kufikiri kupita kiasi kukawa miongoni mwa mambo yanayoulizwa. Dodoso hilo halikutenganisha sonona na wasiwasi. Lilitafuta tu kama mtu amelemewa kiasi cha kuhitaji msaada. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha mjini Harare kile kinachoitwa benchi la urafiki: wahudumu wa afya ya jamii, wengi wao akina bibi, huketi na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki, humsikiliza, humsaidia kuchagua tatizo moja kati ya mengi na kulitafutia hatua inayowezekana. Utafiti uliofanyika katika kliniki 24 za Harare kwa watu 573 ulichapishwa mwaka 2016 katika jarida la chama cha madaktari cha Marekani. Baada ya miezi sita, waliokaa kwenye benchi walikuwa na dalili chache za sonona na za wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa kidogo. Benchi hilo limeshavuka mipaka na kufika Malawi na Zanzibar. Funzo lake kubwa halimo katika ubao wa benchi. Limo katika uamuzi wa kuuliza kwa neno ambalo mgonjwa analo tayari, na kumpa msaada mmoja unaogusa pande zote mbili.

Kenya nayo ina ushahidi wake. Mwaka 2021 jarida la JAMA Psychiatry lilichapisha utafiti wa wanafunzi 413 wa sekondari nchini humo waliokuwa na dalili za sonona au za wasiwasi. Nusu yao walipata mbinu za kusoma tu; wengine walipata programu iitwayo Shamiri, vikao vya kundi mara moja kwa wiki kwa wiki nne, vikiongozwa na vijana waliomaliza sekondari miaka ya karibuni, si wataalamu. Walizungumza juu ya uwezo wa mtu kubadilika, shukrani, na mambo wanayoyathamini. Hawakuombwa kujitangaza wagonjwa. Dalili za sonona na za wasiwasi zilipungua kwa pamoja kuliko kwa wenzao. Huko Masaka na Rakai, Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulikuwa umeshaonyesha kwamba wanavijiji wakikaa kwenye kundi na kiongozi aliyefunzwa kwa muda mfupi wanaweza kuishinda sonona kwa mazungumzo, bila dawa. Nao watafiti walianza kwa kuwauliza wenyeji wanaiitaje hali hiyo kwa Kiganda kabla ya kuanza kuipima. Katika nchi tatu, kwa njia tatu tofauti, aliyeanza na lugha ya watu, au asiyewalazimisha kujiita wagonjwa, alifika kwenye msaada wanaoweza kuupokea.

Kinachopendekezwa hapa si kikubwa. Tangu mwaka 2009 lipo dodoso fupi lenye maswali manne tu, mawili ya wasiwasi na mawili ya sonona. Kwa Kiswahili cha kawaida huulizwa hivi: katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umejisikia una hofu au umekosa utulivu? Ni mara ngapi umeshindwa kuzuia wasiwasi? Ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya kufanya mambo? Ni mara ngapi umejisikia mnyonge, mwenye huzuni au usiye na matumaini? Kila jibu hupewa alama kuanzia sifuri hadi tatu, na upande wowote ukifika tatu ni ishara ya kuchunguza zaidi. Kuyauliza hakuzidi dakika tatu. Wa kuyauliza wapo. Kenya ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 mwezi Septemba 2023, na Tanzania mwaka 2024 ilianza mpango wa kuwafikisha zaidi ya 137,000 katika vitongoji na mitaa. Ukilinganisha majeshi hayo na hali ya wataalamu utaona kwa nini hakuna njia nyingine: ripoti ya WHO ya mwaka 2020 ilihesabu watumishi 1.6 wa afya ya akili kwa kila watu 100,000 katika kanda ya Afrika, wakati wastani wa dunia ulikuwa 13. Hospitali za magonjwa ya akili za Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Butabika ya Kampala haziwezi kuwa mlango wa kwanza wa kila mwenye mawazo, wala hazikujengwa kwa kazi hiyo. Mlango wa kwanza ni zahanati, na kabla ya zahanati ni kibaraza cha nyumba.

Pingamizi la kwanza hutoka kwa madaktari wenyewe, nalo lina uzito. Watasema: ukiyaunganisha maradhi unapoteza usahihi, na usahihi ndio tiba. Hapa lazima tuelewane. Kuuliza kwa pamoja si kutibu kwa kukisia. Maswali manne hayatoi hukumu. Yanafungua mlango, na nyuma ya mlango bado kuna kazi ya tabibu: kupima wekundu wa damu, kuangalia tezi ya shingo, kujua kama mgonjwa amejifungua karibuni, anatumia pombe, au aliwahi kupata vipindi vya furaha na nguvu zisizo za kawaida, maana huyo wa mwisho dawa za sonona peke yake zinaweza kumvuruga. Zaidi ya hapo, ni mtazamo wa upande mmoja ndio unaoleta tiba isiyo sahihi. Mtu akionekana ana wasiwasi tu, ni rahisi kumpa diazepamu akalala vizuri usiku huo. Dawa hiyo haiondoi sonona, mwili huizoea, na kuiacha huwa shida. Mapendekezo ya WHO ya mwaka 2023 yanashauri isitumike kutibu magonjwa ya wasiwasi kwa watu wazima. Dawa za kundi la fluoksetini, kinyume chake, husaidia pande zote mbili, ingawa huchukua wiki kadhaa kuonyesha kazi na mwanzoni zinaweza kuzidisha fadhaa. Mgonjwa ambaye hakuelezwa hivyo, hasa mwenye wasiwasi anayesikiliza kila mdundo wa moyo wake, atazitupa siku ya nne. Tabibu aliyeziona pande zote mbili atamwonya mapema.

Pingamizi la pili ni la mtaani, nalo ni kali zaidi: watu hawaumwi, wana njaa. Mwenye kodi ya miezi mitatu na watoto waliorudishwa kutoka shule kwa kukosa michango hahitaji dodoso, anahitaji pesa. Pingamizi hili lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo isifichwe. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Science yalionyesha kwamba katika jamii moja, wenye vipato vya chini kabisa huwa na sonona au wasiwasi mara 1.5 hadi tatu kuliko wenye vipato vya juu, na kwamba umaskini husababisha maradhi haya kama ambavyo maradhi haya husababisha umaskini. Tena upo utafiti mkubwa wa mashambani Kenya, katika kaunti ya Nakuru, uliolinganisha familia zilizopewa fedha taslimu na zilizopewa vikao vitano vya ushauri vya WHO. Baada ya mwaka mmoja fedha zilikuwa zimeboresha maisha na hali ya moyo. Vikao havikuacha alama inayopimika. Anayetetea tiba ya mazungumzo hana budi kulijibu hilo bila kulikwepa. Jibu ni kwamba vikao vile vilitolewa kwa watu ambao hawakuchaguliwa kwa dalili zao, na wengi hawakuwa wagonjwa. Vikao hivyohivyo vilipotolewa jijini Nairobi kwa wanawake 421 waliopitia ukatili na waliokuwa wamelemewa kweli, dalili zilipungua. Kumpa ushauri mtu ambaye haumwi ni kupoteza muda wake, na kumpa pesa mgonjwa ambaye hawezi kutoka kitandani huenda kusitoshe. Ndipo umuhimu wa kuuliza unapoonekana: maswali manne hutenga mwenye shida tu na mwenye shida aliyekwisha ugua kwa sababu yake. Wa kwanza apelekwe kwenye mifuko ya jamii ya kusaidia kaya maskini. Wa pili anahitaji mifuko hiyo na tiba pia.

Pingamizi la tatu ni la imani. Wako wanaoamini kwamba haya ni mambo ya pepo, husuda au upungufu wa ibada, na kwamba kuyaita maradhi ni kuiga watu wa mbali. Tuziangalie basi lugha na elimu tulizorithi. Huzuni na wasiwasi ni maneno yaliyoingia Kiswahili kutoka Kiarabu, na mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kizima kuhusu afya ya miili na nafsi. Katika sehemu ya nafsi aliziweka hofu, huzuni na wasiwasi katika milango inayofuatana, akatofautisha huzuni yenye sababu inayojulikana na ile isiyojulikana chanzo chake, akaeleza jinsi nafsi na mwili vinavyougulishana, na akashauri mazungumzo na tafakuri kama tiba. Hakuona kwamba kwa kufanya hivyo anaidharau dini. Miaka elfu moja na zaidi baadaye, haitakuwa ajabu kumwomba imamu, padri au mchungaji afanye vivyo hivyo: amwombee mtu, kisha ampeleke zahanati. Dua na dawa hazijawahi kugombana mpaka tulipozigombanisha. Na ukweli ni kwamba kiongozi wa dini humwona mgonjwa wa namna hii miezi mingi kabla ya tabibu kumwona, kwa hiyo kumwacha nje ya mpango ni hasara yetu.

Linabaki pingamizi ambalo ningelitoa mimi mwenyewe dhidi ya hoja hii, nalo linahusu neno lenyewe. Mawazo lina kasoro moja kubwa: linafanya ugonjwa uonekane kama kitendo. Anayewaza anaweza kuacha kuwaza, ndivyo sarufi inavyotudanganya, na ndiyo sababu faraja yetu ya kwanza huwa “acha mawazo” au “usiwaze sana”, kana kwamba ni mzigo uliojitwika na unaoweza kuutua ukitaka. Hakuna anayemwambia mwenye pumu aache kubanwa kifua. Neno hilo pia ni pana mno; linamfunika mwanafunzi anayesubiri matokeo, aliyeachwa na mchumba, na mtu anayefikiria kujidhuru. Nakubali yote hayo. Kwa hiyo sisemi neno hilo liandikwe daftarini kama jina la ugonjwa. Nasema lisikilizwe kama tunavyosikiliza neno homa. Homa nayo ni pana, inaweza kuwa mafua au malaria kali, na hakuna mhudumu anayemfukuza mtu kwa sababu amesema homa badala ya kutaja kimelea. Anachukua kipima joto. Tunachokosa kwa mawazo si neno bora zaidi, maana sonona, mfadhaiko, unyogovu na msongo vinagombania nafasi kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi na mgonjwa bado hajavizoea. Tunachokosa ni kipima joto, na mazoea ya kukichukua.

Upande wa gharama hauhitaji maneno mengi. WHO inakadiria kwamba sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, zenye thamani ya dola trilioni moja za Marekani, na kwamba kila dola moja inayowekwa katika kuyatibu mawili haya hurudisha dola nne kwa afya na tija iliyoboreka. Tazama kwamba hata wahasibu huyahesabu pamoja. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na Kenya imeanza mfumo mpya wa bima ya jamii tangu Oktoba 2024. Swali la kuwauliza wasimamizi wa bima hizo ni dogo na linajibika: je, kikao cha ushauri katika zahanati kinalipwa kama kinavyolipwa kipimo cha malaria? Kisipolipwa, hakitafanyika, hata mafunzo yakitolewa kila mwaka. Sheria nazo zina sehemu yake. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha kifungu kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Uamuzi huo una maana ya moja kwa moja kwa hoja hii, kwa sababu wenye maradhi yote mawili ndio wanaoandamwa zaidi na fikra za kufa, na mtu anayejua kwamba kusema ukweli kunaweza kumpeleka kituo cha polisi atalijibu dodoso lolote kwa uongo. Nchi jirani zenye kifungu kama hicho zinapaswa kukitazama upya.

Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mwenye mawazo hakuyaficha. Aliyasema kwa jirani, akayasema nyumbani, akayasema na mbele ya tabibu, kwa lugha anayoijua. Mara nyingi aliyasema kwa namna ya kuomba radhi: “Sina ugonjwa, daktari, nina mawazo tu.” Ndugu msomaji, ukilisikia hilo kwa mtu wako, na hasa ukisikia ndani yake kwamba hataki tena kuishi, usimwache peke yake, mpeleke kituo cha afya leo, siyo wiki ijayo. Na wewe tabibu wa zahanati, neno la kulitilia shaka katika sentensi yake ni lile la mwisho. Lifute hilo “tu”, weka kalamu chini, na umuulize maswali manne.